Kelele za puli zisimalize mtaji

Wafanyabiashara wengi wa mazao wenye pikapu, wakisikia injini inalia upande wa mbele, hukimbilia kubadili mkanda. Mara nyingine mkanda ni mzima. Mbovu ni puli ya bei nafuu iliyofungwa badala ya ile ya kiwandani.

Kuipima si kazi kubwa. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, fundi avue mkanda, kisha azungushe kila puli kwa mkono. Inayokwaruza au kuyumba, beringi yake imechoka. Zote zikizunguka vizuri, aangalie kama zimekaa mstari mmoja. Zikipishana kidogo tu, mkanda hulia na kulika pembeni.

Katika magari mengi mkanda huo huendesha pampu ya maji na oltaneta. Beringi ikikwama safarini, mkanda huchomoka au kukatika, injini huchemka, na nyanya huharibika kabla ya kufika sokoni.

Kwa hiyo mnunuzi asitazame bei peke yake. Aende dukani na puli ya zamani, alinganishe kipenyo, unene na idadi ya mifereji, na aizungushe mpya kabla ya kulipa. Spea rahisi inayopoteza shehena moja si rahisi tena.