"NDIYO" YAKO SI "NDIYO" YANGU



Katika yadi ya reli neno moja dogo laweza kumkosesha mtu kazi. Neno lenyewe ni "ndiyo". Msimamizi aliyezoea Kiingereza amwuliza mfunga mabehewa, "Hujafunga breki ya mkono?" Naye ajibu, "Ndiyo", maana yake, ni kweli, sijafunga bado. Lakini masikio ya msimamizi yasikia kwamba breki imekwisha fungwa, maana ndivyo Kiingereza kinavyojibu swali la namna hiyo. Behewa likiondoka mahali pake, huyu ataitwa mwongo, na yule ataitwa mdhalimu. Kumbe hapana aliyesema uongo.

Twaandika habari hii kwa sababu magomvi mengi yanayoletwa mbele ya chama huanza hivyo. Kila mtu aona upesi kwamba mwenziwe ana desturi ya ajabu. Asiloliona ni kwamba yeye naye ana desturi. Adhani ya kwake ndiyo dunia ilivyoumbwa. Wazee walisema, nyani haoni kundule.

Tazameni saa. Sisi twahesabu tangu jua kuchomoza, na saa mbili ya asubuhi ni saa nane ya Kiingereza. Hapana aliyekosea hesabu. Kila mmoja alianza mahali pake. Tazameni macho. Wengi wetu tulifundishwa nyumbani kuinamisha macho mbele ya mkubwa, iwe ndiyo heshima. Mkubwa aliyelelewa kwingine asema, "Huyu hanitazami, ana jambo analificha." Mtu wa pwani akuuliza habari za nyumbani, za watoto na za kazi kabla hajasema shida yake, mtu wa bara amwona anapoteza wakati, naye wa pwani amwona wa bara hana adabu.

Basi reli yetu haikujengwa na watu wa lugha moja. Kati ya mwaka 1896 na 1901, watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga mpaka Kisumu, pamoja na Waafrika. Mwezi wa Januari 1947 wafanya kazi wapatao 15,000 wa bandari, reli na kazi nyingine waligoma Mombasa, watu wa pwani na wa bara pamoja, wakakutana Kiwanja cha Maskini. Mwaka 1949 Bwana Fred Kubai na Bwana Makhan Singh, Mwafrika na Mhindi, waliongoza muungano mmoja wa vyama vya wafanya kazi. Serikali ya kikoloni iliwakamata wote wawili mwezi wa Mei 1950, na Bwana Singh hakuachiliwa mpaka 1961. Watu hao hawakuwa na desturi moja. Walikuwa na shida moja, wakavumiliana katika mengine.

Na reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilijengwa na kampuni ya Kichina, na Wakenya wengi walijifunza kazi kwa mafundi Wachina. Wachina nao, katika lugha yao, hulijibu swali lile la breki kama tunavyolijibu sisi. Basi Mswahili si mjinga, wala Mwingereza si mjinga. Njia ni mbili.

Lakini tusidanganyane. Wote wawili wakikosa kuelewana, hasara si sawa. Kalamu ya ripoti iko mkononi mwa msimamizi, na mkate unaopotea ni wa mfanya kazi. Kwa hiyo aliye na kalamu ndiye apaswaye kujijua zaidi.

Twataka mambo matatu. Kwanza, swali la usalama liulizwe hivi: "Breki imefungwa au haijafungwa?" Na jibu liwe neno zima: "Haijafungwa." Pili, mtu akipewa barua ya kujieleza, asomewe kwa lugha aijuayo, mjumbe wa chama akiwapo, kabla hajatia sahihi. Tatu ni letu sisi wenyewe. Viongozi wa chama wanaojua kusoma na kuandika wasidhani ukimya wa mkutano ni kukubali. Wako vijana waliofundishwa kutosema mbele ya wazee, na wako akina mama ambao hawajaulizwa hata mara moja. Waulizeni kwa majina.

Ukikasirishwa na neno la mwenzio, jiulize kwanza: "Mimi nimezoea nini, hata hili likaniudhi?" Kisha mwulize yeye alikuwa na maana gani. Ukikuta ni dharau kweli, lete habari kwa chama, nasi tutasimama nawe.

Umoja ni nguvu.