Dereva Hodari Ndiye Anayeuhitaji Zaidi

Barabara ya Garissa kwenda Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, ina urefu wa kilomita 100 hivi, na kwa miaka mingi imekuwa ya mchanga na changarawe. Humo hupita Land Cruiser za mashirika, Probox za abiria na pikapu zinazokimbiza miraa isije ikanyauka kabla ya kufika sokoni. Katika mengi ya magari ya miaka ya karibuni kuna kitufe chenye picha ya gari linaloserereka. Hicho ndicho huzima mfumo wa kielektroniki unaolizuia gari lisipoteze mwelekeo. Toyota huuita VSC, Subaru VDC, Mercedes-Benz ESP. Wanaojiita madereva hodari ndio wa kwanza kukibonyeza, na hoja zao hazitofautiani sana na za wenye magari ya spoti huko Ulaya. Nitazijibu moja baada ya nyingine, kwa sababu naamini zinagharimu maisha.

Kwanza tuelewe kazi yake. Vipimo vya mfumo husoma usukani umegeuzwa kiasi gani, kila gurudumu linazunguka kwa kasi gani, na gari lenyewe linajizungusha na kusukumwa ubavuni kwa nguvu gani. Mara 25 hivi kwa sekunde, kompyuta hulinganisha dereva anataka kwenda wapi na gari linaelekea wapi. Viwili hivyo vikiachana, hupunguza nguvu ya injini na kufunga breki ya gurudumu moja tu. Mkia ukichomoka, hufunga gurudumu la mbele lililo upande wa nje wa kona. Pua ikikataa kugeuka, hufunga la nyuma lililo upande wa ndani.

Hoja ya kwanza: “Mimi ni mzoefu, mikono na miguu yangu inatosha.”

Uzoefu ni mali, na hakuna anayeudharau. Lakini pedali ya breki ni moja, na ukiikanyaga inafunga magurudumu yote. Hata dereva awe na miaka 30 barabarani, hana mguu wa kufunga gurudumu moja na kuyaacha matatu. Mabingwa wa Formula One walilijua hilo. Mwaka 1997 timu ya McLaren iliyaongezea magari yake pedali ya pili iliyofunga breki ya nyuma ya upande mmoja. Ilikuwa na faida kubwa kiasi kwamba wapinzani walilalamika, na mwanzoni mwa msimu wa 1998 ikapigwa marufuku. Madereva bora duniani waliutafuta uwezo huo na wakanyang’anywa kwa kuwa uliwapa nafasi juu ya wenzao. Wewe umeupata bure ndani ya gari, kisha unauzima!

Hoja ya pili: “Madereva wa rali hawautumii.”

Ni kweli, na wanaoitazama Safari Rally ya Naivasha tangu iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 wanaona jinsi magari yanavyopita kona kwa ubavu. Lakini tazama walicho nacho. Barabara imefungwa. Msaidizi anawasomea kila kona kabla hawajaifikia. Ndani ya gari kuna fremu ya chuma, vichwani wana kofia ngumu, na madaktari wako tayari. Kwenye njia ya Dadaab kuna watoto wanaotoka shule, mikokoteni ya punda na basi linalokuja mbele likiwa limefunikwa na vumbi lake lenyewe. Isitoshe, Formula One haikuondoa vidhibiti vya kielektroniki kwa sababu viliwachelewesha madereva. Vilipoondolewa tena mwaka 2008, nia ilikuwa kuyaacha mashindano yapime ufundi wa mtu. Safari ya kuwapeleka abiria Hagadera, huko Dadaab, haimpimi mtu ufundi. Inadai wafike.

Hoja ya tatu: “Gari la spoti limeundwa kwa ajili ya mkono wa dereva, mfumo unaliharibu.”

Porsche Carrera GT liliundwa kwa imani hiyo hiyo: injini ya silinda 10, nguvu za farasi zaidi ya 600, na bila mfumo huu. Tarehe 30 Novemba 2013, mwigizaji Paul Walker alifariki ndani ya gari la aina hiyo huko California. Usukani ulikuwa mikononi mwa rafiki yake, mtu aliyezoea mashindano ya magari, na yeye pia alifariki. Wachunguzi walitaja mwendo mkali na tairi zilizokuwa na umri wa miaka tisa. Siwezi kusema kwamba mfumo ungewaokoa, kwa maana hakuna kompyuta inayoshinda tairi zilizozeeka na mwendo uliopita kiasi. Ninachosema ni kwamba mkono wa mzoefu ulikuwepo na haukutosha. Gari lenye nguvu nyingi huvunja mshiko wa tairi upesi kuliko gari dhaifu, kwa hiyo ndilo linalohitaji zaidi mlinzi. Leo Porsche yenyewe huuweka mfumo huu hata katika magari yake makali kabisa.

Hoja ya nne: “Ni kitu cha Wazungu na barafu yao.”

Hoja hii ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli wa Garissa. Oktoba 1997 jarida la Teknikens Värld la Sweden lilijaribu Mercedes-Benz A-Class mpya kwa kulikwepesha ghafla kisha kulirudisha katika njia yake, kama dereva anayemkwepa elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu aliyekatiza barabara. Gari lilipinduka. Mercedes ilisimamisha mauzo na kuamua kwamba kila A-Class itoke na ESP.

Sasa badala ya elki weka ngamia. Ana miguu mirefu na uzito wa kilo zaidi ya 400, na ukimgonga kiwiliwili chake kinaangukia kioo cha mbele. Kwa hiyo dereva anakwepa, anaona yuko ukingoni, anarudisha usukani kwa nguvu, na mkia unachomoka. Tendo ni lile lile, tena changarawe iliyolegea juu ya udongo mgumu haina mshiko wa lami. Pikapu nazo si salama kwa kuwa tu ni imara: mwaka 2016 jarida hilo hilo liliona Toyota Hilux ikisimama kwa magurudumu mawili katika jaribio hilo. Toyota iliurekebisha mfumo, na mwaka uliofuata Hilux ikafaulu. Hapo gari lilikuwa katika uwanja wa majaribio. Fikiria likiwa na magunia na watu juu yake.

Hoja ya tano: “Kwenye mchanga unanikwamisha.”

Hapa madereva wanasema kweli. Katika mchanga mzito gurudumu lazima lizunguke kupita kiasi kidogo ndipo gari lisonge, na kompyuta huuona mzunguko huo kuwa hatari, ikakata nguvu. Bonyeza kitufe, punguza upepo wa tairi, ingiza gia ndogo, utoke. Baadhi ya magari ya Toyota huuzima mfumo yenyewe ukiingiza gia hiyo ndogo (4L). Kosa ni kuuacha umezimwa baada ya kutoka. Kukwama hutokea kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kupinduka hutokea kwa kilomita 80 au 100 kwa saa. Kitufe kilichokusaidia katika la kwanza hakikuhusu katika la pili. Jaza upepo, washa mfumo, endelea.

Hoja ya sita: “Huku mwendo ndio usalama.”

Tangu wafanyakazi wawili wa shirika la madaktari la Médecins Sans Frontières walipotekwa Dadaab tarehe 13 Oktoba 2011, madereva wengi wamejifunza kutokaa njiani. Woga huo una sababu, na siuchezei. Lakini mfumo huu haukatazi mwendo. Hukaa kimya mpaka gari lianze kuacha njia. Na kama unahofia kusimama porini, jambo baya kuliko yote ni gari lililolala ubavuni likiwa na majeruhi ndani, hospitali ikiwa mbali.

Hoja ya saba: “Unampa dereva kiburi.”

Huenda ukampa. Lakini takwimu zimewahesabu na wenye kiburi. Mwaka 2006 Taasisi ya Bima ya Usalama Barabarani ya Marekani ilikuta kwamba mfumo huu hupunguza kwa asilimia 56 hatari ya ajali zinazoua za gari moja, zile ambazo hakuna gari jingine lililohusika. Kwa ajali za kupinduka zinazoua, upungufu katika magari marefu ya aina ya Prado ulikuwa asilimia 80. Walioendesha kwa majivuno walikuwa ndani ya hesabu hiyo.

Marekani imelazimisha mfumo huu katika magari mapya yote madogo tangu modeli za 2012, na Umoja wa Ulaya tangu 2014. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, magari mengi ya abiria yanayoshuka Mombasa sasa yanao. Kazi iliyobaki ni yetu. Ukinunua gari, hakikisha taa ya mfumo inawaka unapofungua swichi na kuzimika injini ikishaunguruma. Ikibaki imewaka, lipeleke gari kwa fundi akague vipimo vya magurudumu na usukani, na usikubali aichomoe balbu. Funga tairi nne za saizi moja zisizozeeka. Mwenye gari naye amwambie dereva wake wazi kwamba kuuzima mfumo ni kwa ajili ya kujikwamua tu.

Umahiri wa dereva uko katika kuiona hatari mapema na kupunguza mwendo kabla haijafika. Anayefanya hivyo atapita miezi bila mfumo kuingilia hata mara moja, na siku ngamia atakapotokea ghafla nyuma ya kichaka, breki ile moja itafungwa kabla yeye mwenyewe hajatambua kwamba mkia umeanza kuchomoka.