Sanduku la Bati Halitibu Hasira

Bonasi ya majani chai ikishaingia, hapa Nyamache, Kisii, huwa tunajua nani atanunua mabati, nani atalipa deni la duka, na mtoto wa nani atapelekwa bweni Januari. Huyo mtoto hakuchaguliwa kwa ajili ya alama zake. Alimrushia dadake sufuria ya moto, au alivunja kioo cha darasa, au alimjibu babake ovyo mbele ya wageni. Nimelisikia shauri lenyewe mara nyingi kwenye kituo cha kununulia chai, wanawake wamekalia magunia wakingoja lori: "Mpeleke bweni, atanyooka." Mama aliyeambiwa hushukuru kana kwamba ameelekezwa kwa daktari.

Alichoelekezwa ni namna ya kutomwona mtoto wake kwa miezi mitatu.

Sina ugomvi na bweni kwa mtoto ambaye kwao hakuna taa ya kusomea. Ugomvi wangu ni na hii imani kwamba hasira ya mtoto hutibiwa kwa sanduku la bati, godoro jembamba na ratiba. Hebu tutazame anakopelekwa. Ataamshwa kabla ya alfajiri na kulala usingizi usiotosha, na mtoto aliyekosa usingizi huwaka upesi kuliko aliyelala. Wakubwa watamnyang'anya mkate. Kati ya watu wazima wote wa pale, hakuna hata mmoja atakayejua kwamba babu yake, aliyekuwa akimwita jina la utani, alizikwa Agosti.

Na bweni limetupa ushahidi wake lenyewe. Juni 2016, hapa hapa Kisii, mabweni ya Itierio yaliteketezwa na wanafunzi baada ya mvutano juu ya kutazama mechi ya Kombe la Ulaya. Mwaka huo shule zaidi ya 100 nchini ziliguswa na moto. Sisemi kila kiberiti kiliwashwa na mtoto aliyepelekwa kunyooshwa. Migomo ya shule ina mizizi mingi. Nasema tu kwamba mahali tunapowapeleka watoto wakapoe ndipo panapowaka.

Januari 2021 mwanafunzi aliwadunga kisu walimu wawili katika shule moja ya upili mjini Kisii, na Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu George Magoha, akataka kiboko kirudishwe. Kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Kirudi kutoka wapi? Mzazi yeyote wa huku anajua hakijawahi kuhama. Kama kiboko kingekuwa dawa ya hasira, Ugusii ungekuwa na watoto watulivu kuliko wote Afrika Mashariki.

Wanaokitetea hunijibu kwa methali, samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini anayekunja samaki hampigi. Humkunja polepole kwa mikono miwili, kwa sababu akitumia nguvu atamvunja.

Mtafiti mmoja wa Marekani, Gerald Patterson, alitumia miaka mingi huko Oregon kuchunguza familia za watoto wakali ndani ya nyumba zao. Aliyoyaeleza ungedhani aliyaona Nyamache. Mama anatoa amri. Mtoto anakataa kwa kelele. Mama anapaza sauti, mtoto anapaza zaidi, mpaka mama, aliyechuma chai tangu asubuhi, anachoka na kumwacha. Mtoto amejifunza kwamba kelele hulipa. Kesho babake anafika, anampiga, mtoto ananyamaza. Sasa baba naye amejifunza kwamba kofi hulipa. Kila mmoja anamfunza mwenzake ukali, na wote wawili ni wanafunzi hodari. Ukimtoa mtoto humo ukampeleka bweni, umeondoa nusu moja ya mchezo. Likizo ya Aprili unaendelea ulipoachwa.

Ndiyo maana tiba yenye ushahidi mzito zaidi kwa mtoto mdogo mwenye hasira kali huanza na mzazi. Anafunzwa kutoa agizo moja fupi badala ya hotuba, kumsifu mtoto papo hapo kwa jambo dogo alilolifanya vizuri, na kutoa adhabu ndogo isiyobadilika badala ya kubwa inayotegemea kama baba ameudhika. Inachosha, na wiki za kwanza mtoto huweza kuzidi. Dawa za kumeza si mahali pa kuanzia.

"Hayo ni ya wazungu," nitaambiwa. Basi tuzungumze ya kwetu. Mgusii aliyepigwa kichwani akashindwa kuishi kwa maumivu alipelekwa kwa omobari omotwe, fundi wa kupasua kichwa, aliyefungua ngozi na kukwangua mfupa. Simshauri mtu aende huko leo! Lakini wazee walikuwa na adabu ya kuuliza kwanza kichwa hiki kimepatwa na nini. Walijua pia kwamba mvulana akishatahiriwa, kati yake na babake huingia chinsoni, ile haya ya heshima inayofunga vinywa. Kwa hiyo yalikuwapo makao ya magokoro, bibi wa kutaniwa na kuambiwa yasiyotamkika kwa wazazi. Tukimfungia mtoto sanduku, tunamwondolea mtu pekee ambaye angemweleza kinachomchoma.

Msaada basi uanzie wapi? Mimi ningeanzia masikioni. Mtoto anayetoka usaha sikioni tangu darasa la kwanza hasikii nusu ya maagizo, anaitwa kichwa ngumu, anachapwa kwa kutotii asichokisikia, kisha tunashangaa akiwaka. Hospitali ya Nyamache inaweza kumtazama masikio, na mweleze daktari kama aliwahi kuanguka vibaya au kuzimia. Kama hasira hulipuka saa za vitabu tu, kuna vituo vya tathmini ya elimu, vile ambavyo walimu huviita EARC, mfumo uliopo Kenya tangu 1984 kwa ajili ya kupima kwa nini mtoto hawezi kusoma. Walimu wengi wanavifahamu na hawasemi mpaka waulizwe. Nambari 116 ya watoto haina malipo. Kwa mazito zaidi kuna hospitali ya rufaa ya Kisii, yenye huduma ya afya ya akili, na mtoto anayewasha moto, anayetesa wanyama au anayesema heri afe asingoje bonasi. Aende wiki hiyo hiyo.

Lakini si kila mwenye kiti na meza ni msaada. Chifu anayeombwa amtishe mtoto kwa pingu hatibu kitu, wala mtumishi anayetaja sadaka kabla hajauliza jina. Hata mshauri mwenye cheti ukutani, mpime. Akizungumza na mtoto nusu saa, akakurudishia kama redio iliyotengenezwa bila kukuuliza nyumbani kwenu ugomvi huanzaje na huishaje, tafuta mwingine. Anayefaa atakuuliza maswali ya kuudhi. Atataka kujua nani hupiga nani, nani hulewa, na mara ya mwisho ulimsifu mtoto huyu lini. Mama niliyemshauri hivyo alinitazama kwa muda, akasema hilo la mwisho hawezi kulijibu.

Nauli ya matatu hadi Kisii mjini na kurudi haifiki bei ya sanduku. Ukienda, beba daftari lake la shule, na babake asibaki nyumbani.