Upanga Ukutani, Gobore Darini

Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo akina mama wengi hawalisemi kwenye vikao vyetu, kwa kuwa wanaliona ni la wanaume: silaha za kale, na mifano ya silaha hizo, zinazowekwa nyumbani kama pambo au kumbukumbu. Huku kwetu Kilangala, upande wa Mchinga mkoani Lindi, jambo hili si geni. Pwani hii, kuanzia Kilwa hadi Lindi, imepitiwa na vita vingi, na kila vita huacha vyuma nyuma yake.

Yupo mama mmoja wa kwetu, jina lake tunalihifadhi, ambaye mumewe ni fundi seremala. Fundi huyo alianza kwa kuchonga bunduki moja ya mbao, mfano wa gumegume la zamani, kitako cha mninga na mtutu wa mti uliopakwa rangi nyeusi. Watu wakamsifu. Akachonga ya pili na ya tatu. Kisha kila akienda mjini akarudi na kitu: mara kitara, mara jambia, vyote vya kuigiza, visivyo na makali. Leo ukuta wa sebule umejaa. Mkewe hana raha. Wenzake wengine wamemwambia hizo ni sanamu, azichome baba akiwa safarini. Wengine wamemwambia anyamaze, kwa kuwa nyumba ni ya mume. Na kuna jambo jingine linalomnyima usingizi: darini limelazwa gobore la kweli la marehemu baba mkwe.

Sisi tunasema hivi: asichome, wala asinyamaze. Mwanamke mwenye hekima huijenga nyumba yake kwa kulijua jambo kwanza, ndipo aseme.

KWA NINI WANAPENDA

Tusiwacheke waume zetu. Mwanamume wa pwani anapotazama upanga haoni chuma tu, anaona habari za babu zake. Wazee wetu walikuwa na jina kwa kila silaha. Upanga mrefu ulionyooka wenye makali pande mbili waliuita felegi. Uliopinda waliuita kitara. Kisu kipana kilichopinda kinachovaliwa kiunoni ni jambia. Bunduki za kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu ni magobore, na zile za jiwe la cheche ni gumegume. Ndugu zetu wa Oman, ambao wengi wao wanasema Kiswahili mpaka leo, bado huvaa jambia zao siku za harusi na sikukuu, na mwaka 2022 shirika la UNESCO liliiweka sanaa hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kwa hiyo kupenda vitu hivi si wazimu, wala si ushirikina kwa wenyewe.

Nayo historia iko karibu na mlango wetu. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliishambulia Kilwa na kuipora. Mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa Kilwa Kivinje. Na mwaka 1905, katika milima ya Wamatumbi, vita vya Majimaji vilianza. Mtoto anayeona gobore la mbao ukutani na kuuliza, "Baba, hii ni nini?" amefungua mlango wa somo ambalo wengi wetu hatukulipata.

BIBLIA INASEMAJE

Wanaosema kila silaha ya kumbukumbu ni sanamu wafungue 1 Samweli 21. Upanga wa Goliathi uliwekwa huko Nobu, umefungwa katika nguo nyuma ya naivera, chini ya ulinzi wa kuhani Ahimeleki. Na katika 2 Wafalme 11 tunasoma kwamba mikuki na ngao za mfalme Daudi zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya nyumba ya Bwana miaka mingi baada ya yeye kufa. Basi kuhifadhi silaha ya kale kwa kumbukumbu hakukuwa dhambi.

Lakini tusiishie hapo. Daudi alipofika Nobu akiwa anakimbia, aliuomba upanga ule, akapewa. Kumbukumbu ikageuka kuwa silaha tena kwa siku moja. Sauli aliposikia kwamba kuhani amempa Daudi mkate na upanga, aliamuru makuhani wauawe, na siku hiyo wakafa watu 85. Mama, liweke hilo moyoni. Chuma cha kweli hakisahau kazi yake, hata kikifungwa katika nguo.

Na yupo Gideoni katika Waamuzi 8. Alitengeneza naivera kwa dhahabu ya nyara za vita, nayo ikawa tanzi kwake na kwa nyumba yake. Hapo ndipo palipo na hatari ya rohoni. Si katika mti uliochongwa, bali pale kitu kinapochukua moyo, fedha na wakati vya baba mwenye nyumba.

TENGA MFANO NA KITU CHENYEWE

Kwa hiyo, dada mpendwa, kazi ya kwanza ni kutenga mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mifano: mbao, bati, vyuma butu. Fungu la pili ni silaha zenyewe, hata kama ni kuukuu na zimeota kutu. Usizitendee sawa.

Gobore la darini ni la fungu la pili. Wengi husema, "Hilo limeshakufa, limekaa miaka arobaini." Wanakosea. Gobore hushindiliwa baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu, na aliyelitumia mwisho huenda aliliacha likiwa limejaa. Huwezi kujua kwa kulitazama. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu haiharibiki upesi: hudumu miaka na miaka, nayo huogopa moto na cheche. Fikiri sasa juu ya dari yenye joto, moshi wa jiko, na vijana wanaopanda kutafuta panya. Na hata likiwa tupu, mtutu ulioliwa na kutu unaweza kumpasukia mikononi yeyote atakayejaribu kulifyatua.

Halafu kuna sheria. Tanzania inayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na gobore ni silaha kama bunduki nyingine. Kibali hupewa mtu kwa jina lake. Hakirithiwi kama shamba la mikorosho. Baba mkwe akifariki, gobore lake haliwi la mwanawe kwa sababu tu limebaki nyumbani. Siku likigunduliwa, atakayeulizwa ni aliye hai, na mara nyingi anayekutwa nyumbani ni wewe mama.

Njia ya kutoka ipo. Umoja wa Afrika uliutenga mwezi Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha, na serikali yetu ilitangaza msamaha wa namna hiyo mwaka 2022. Lakini usikae ukisubiri tangazo. Mzee wa nyumba aende kwa mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi, aeleze kwamba marehemu aliacha silaha, aombe waje waichukue. Usilishushe mwenyewe, usilisafishe, usijaribu kulifungua, wala usilibebe njiani. Kama ni kitu cha zamani sana na familia inatamani kumbukumbu isipotee, waambieni hivyo, na waulizeni watu wa makumbusho. Songea ipo Makumbusho ya Majimaji, na vitu vya namna hiyo vinahifadhiwa huko kwa usalama. Wala msishawishiwe na mgeni anayetaka kununua kitu cha kale akakitoe nje ya nchi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali.

MIFANO NAYO INA UTARATIBU WAKE

Bunduki za mbao na panga butu zinaweza kukaa, ila kwa masharti.

Kwanza, ziwekwe juu, zifungwe imara, watoto wasizifikie. Upanga butu bado una ncha, na uzito wake ukimwangukia mtoto ni jeraha.

Pili, zisitoke nje ya nyumba. Watoto wetu tangu zamani wamejitengenezea bunduki za migomba wakacheza, na hakuna aliyeogopa. Lakini mfano unaofanana na bunduki ya kweli ni jambo lingine. Usiku hakuna awezaye kutofautisha. Mnyang'anyi anaweza kuutumia kutisha watu, na kijana wako akikutwa nao njiani anaweza kudhaniwa kuwa mnyang'anyi.

Tatu, fundi asitie bomba la chuma mahali pa mtutu kwa kutaka ifanane zaidi. Bunduki ya mbao yenye bomba ni hatua chache tu kutoka gobore la kienyeji, na polisi hawatasikiliza maelezo ya pambo.

Nne, fedha. Hapa, mama, usiseme kwa ukali wala mbele ya wageni. Ngoja amekula, ametulia, umwambie: "Baba, kazi ya mikono yako inapendeza, na watoto wanajivunia. Lakini ada haijatimia, na bati la jikoni linavuja. Tukubaliane kwamba mwaka huu tusinunue kingine mpaka haya yaishe." Mume anayeheshimiwa husikia. Na kama ana mkono mzuri wa kuchonga, mshauri achonge za kuuza shuleni au kwa wageni wanaotembelea magofu ya Kilwa, ili kile kinachokula fedha kianze kuleta fedha.

SIMULIA HABARI YOTE

Jambo la mwisho ni letu sisi akina mama. Baba akiwaeleza watoto habari za silaha, sisi tueleze habari za watu. Katika Majimaji wengi walikwenda vitani wakiamini kwamba dawa ya maji itageuza risasi kuwa maji. Walikuwa na mikuki na magobore, na mbele yao ilikuwapo bunduki ya mashine. Upande wetu huu misheni za Nyangao na Lukuledi zilichomwa moto, na Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa njiani mwezi Agosti 1905. Mkomanile, mwanamke aliyekuwa kiongozi kati ya Wangoni, alinyongwa mwaka 1906. Kisha Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, ikaja njaa ambayo wazee waliiita Fugufugu. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa watu wapatao laki tatu, na wengi wao hawakupigwa risasi. Walikufa kwa njaa na maradhi. Walikuwa watoto, wajawazito na bibi zetu. Mtoto akijua hilo, atautazama upanga wa ukutani kwa macho mengine.

Na mwambieni pia habari ya jirani zetu ng'ambo ya Ruvuma. Msumbiji, baada ya vita virefu vya wenyewe kwa wenyewe, Baraza la Kikristo la nchi hiyo, likiongozwa katika kazi hiyo na Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana, lilianza mwaka 1995 kukusanya silaha mikononi mwa watu. Aliyeleta bunduki alipewa jembe, baiskeli au cherehani. Bunduki zilikatwa vipande, na wasanii wakaviunga kuwa sanamu na viti. Kiti kimoja kilichoundwa kwa vipande hivyo mwaka 2001 kipo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Nabii Isaya, sura ya 2, aliiona siku ya namna hiyo zamani sana.

Basi, mama wa nyumba ambayo upanga uko ukutani, usione haya kuuliza kilichoko darini. Kaa na mumeo wiki hii, mwombe pamoja, mtenge mafungu yale mawili. Cha mbao kibaki na hadithi yake. Cha kweli kiondoke kabla mtoto hajakifikia. Bwana ailinde nyumba yako, akupe ulimi wa upole na moyo usioogopa.