Meta, daraja kati ya protoni na nyota

Kila kitu hupimwa kwa kipimo kinachokifaa. Mama sokoni hupima unga kwa kopo, seremala hupima ubao kwa sentimeta, na dereva huhesabu njia kwa kilometa. Hatujamwona bado mtu anayehesabu safari ya kutoka Bukavu mpaka Uvira kwa sentimeta. Si kwamba haiwezekani, bali namba ingekuwa ndefu mno; na penye namba ndefu kosa huingia kama mwizi penye giza.

Wataalamu nao hufanya vivyo hivyo. Wale wanaochunguza vitu vidogo kupita vyote wana kipimo kiitwacho fermi, kwa kumkumbuka Enrico Fermi, mtaalamu mzaliwa wa Italia aliyefariki mwaka 1954. Jina lake jingine ni femtometa. Ukiikata meta moja katika vipande 1 000 000 000 000 000 vilivyo sawa, kila kipande ni fermi moja. Protoni, ambayo ndiyo kiini cha atomu ya hidrojeni, ina upana wa fermi 1,7 hivi. Atomu yenyewe ina upana wa fermi 100 000 hivi. Kumbe kiini ndani ya atomu ni kama punje ya mtama katikati ya uwanja mkubwa!

Wale wanaotazama nyota wana kipimo chao, nacho ni mwaka wa nuru. Neno «mwaka» lisitudanganye: hapa hatupimi muda, twapima urefu. Nuru hukimbia meta 299 792 458 kwa sekunde moja. Mto Kongo, wenye urefu wa kilometa 4 700 hivi, nuru ingeweza kuupita wote zaidi ya mara 60 kabla sekunde haijaisha. Umbali ambao nuru huupita kwa mwaka mzima ndio mwaka wa nuru, nao ni kilometa miliari 9 460 hivi. Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiacha jua, iko mbali nasi kwa miaka ya nuru 4,24.

Basi, tuulize swali ambalo mwanafunzi aweza kuulizwa darasani: mwaka mmoja wa nuru una fermi ngapi? Wengi hutaka kuruka mara moja toka nyota hadi protoni, nao huanguka njiani. Sisi twasema: mto usio na daraja hauvukwi kwa kuruka. Daraja letu ni meta.

Kwanza tuandike namba kwa ufupi. Badala ya 1 na sifuri 15, tuandike 10¹⁵. Ile namba ndogo iliyokaa juu ya bega la 10 huitwa kipeo, nayo yatuambia idadi ya sifuri. Sasa tuvuke hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza: toka mwaka wa nuru hadi meta. Kilometa miliari 9 460 ni meta 9,46 × 10¹⁵. Hatua ya pili: toka meta hadi fermi. Kila meta ina fermi 10¹⁵. Hatua ya tatu: tuzidishe. Kuzidisha namba za namna hii ni kujumlisha vipeo tu: 15 na 15 ni 30. Jibu letu ni fermi 9,46 × 10³⁰. Anayetaka kurudi, toka fermi hadi mwaka wa nuru, atagawanya badala ya kuzidisha, lakini daraja ni lile lile.

Tazameni pia jambo la ajabu. Meta, ambayo ni kama hatua moja ndefu ya mtu mzima, inaizidi fermi mara 10¹⁵. Nao mwaka wa nuru unaizidi meta mara 10¹⁶ kasoro kidogo. Hatua ya mtu imesimama karibu katikati ya njia itokayo kwenye protoni kwenda kwenye nyota.

Lakini, ninyi wanafunzi, jihadharini na majina ya namba. Sisi tuliojifunza hesabu kwa Kifaransa twaita 10⁹ miliari, na kwetu bilioni ni 10¹². Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania huita 10⁹ bilioni. Mtoto wa Bukavu akisoma kitabu kilichopigwa chapa Nairobi, akaona «bilioni» asijiulize, atakosea mara elfu moja, hata kama kuzidisha kwake hakuna doa. Dawa ni moja: liache jina, ushike kipeo. Kipeo hakibadiliki mpakani.

Wala tusidhani kwamba makosa ya vipimo ni ya watoto tu. Mwezi wa Desemba 1998 Wamarekani walirusha chombo kiitwacho Mars Climate Orbiter kuelekea sayari ya Mars. Kundi moja la mafundi lilitoa hesabu za msukumo wa injini kwa vipimo vya Kiingereza. Kundi jingine lilizipokea kana kwamba ni za vipimo vya meta. Kila namba ilikuwa na kosa la mara 4 na zaidi. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo kilipofika Mars, kilipita chini mno katika hewa ya sayari hiyo, kikapotea. Waliokuwa wakihesabu ni mabingwa. Lakini namba zilipokewa bila kuulizwa ni za kipimo gani.

Kwa hiyo, wazazi wapenzi, mtoto anapowaonyesha hesabu yake jioni, msiulize tu: «Umepata ngapi?» Ulizeni pia: «Ngapi za nini?» Namba isiyo na kipimo ni mzigo usio na mwenyewe, hakuna ajuaye uende wapi.

Nanyi wanafunzi, hili ni zoezi lenu. Wataalamu wa nyota wana kipimo kingine, parseki, kilicho sawa na miaka ya nuru 3,26. Parseki moja ina fermi ngapi? Piteni darajani. Mkipata namba inayokaribia 3,08 × 10³¹, mmevuka salama.