Bei ya Picha za Harusi na Unafiki wa "Jiajirini"

Kila msimu wa mahafali vijana huambiwa neno moja: jiajirini. Mawaziri hulitamka, wakuu wa vyuo hulitamka, nasi wahadhiri hulikariri kana kwamba ni sala ya kufungia masomo. Hoja yangu ni kwamba jamii inayowahimiza vijana kujiajiri ndiyo hiyo hiyo inayogoma kulipa gharama halisi ya kazi yao. Anayetaka ushahidi asihangaike kusoma nyaraka za sera. Ahudhurie kikao cha kamati ya harusi jijini Dar es Salaam, asubiri wajumbe wafike kwenye kipengele cha mpiga picha.

Nimeketi katika vikao hivyo mara nyingi. Bei ya ukumbi hukubaliwa, kwa kuwa mwenye ukumbi ana bei yake na tarehe zinagombaniwa. Vinywaji havipunguzwi, kwa kuwa wageni watasema. Tukifika kwa mpiga picha, lugha hubadilika: "Huyo ni kijana wetu, tutaongea naye." Kuongea naye maana yake ni kumkata nusu ya bei, kumwahidi kuwa wageni watamtangaza, kisha kumlipa salio "michango ikikamilika." Wanaosema hivyo si watu wakatili. Wengi ni watumishi wa umma wenye mshahara wa mwezi, ambao wasingekubali hata siku moja kulipwa kwa kutangazwa.

Tufanye hesabu, maana mjadala huu huharibika kwa kukosa hesabu. Tuchukue mfano wa kijana anayekubali harusi kwa shilingi 500,000. Msaidizi wake anamlipa 80,000, usafiri wa kanisani au msikitini, mahali pa kupigia picha, ukumbini na kurudi usiku ni 40,000, albamu 120,000, intaneti na uhifadhi wa picha 20,000. Kamera mbili, lenzi, taa na kompyuta vimemgharimu 9,000,000 na vitadumu miaka mitatu. Akipata harusi 25 kwa mwaka, kila harusi inakula 120,000 ya vifaa hivyo. Jumla ni 380,000. Amebakiwa na 120,000.

Sasa hesabu saa zake. Kikao na maharusi, saa 3. Siku yenyewe, tangu bibi harusi anapopambwa hadi muziki unapozimwa, saa 14. Kuchagua na kuhariri picha, saa 25. Kupanga albamu na kuikabidhi, saa 6. Hizo ni saa 48, sawa na shilingi 2,500 kwa saa, kabla ya kodi ya pango, leseni, simu na ugonjwa. Wala asidhani mwaka una Jumamosi 52 za kazi: Ramadhani hupita karibu bila harusi, na Kwaresima hivyo hivyo kwa Wakatoliki.

Kijana huyo akitaka kujilipa 900,000 kwa mwezi, kila moja ya harusi zake 25 lazima imchangie 432,000. Ongeza gharama 380,000 tulizozitaja, na 96,000 ya pango, leseni na simu kama matumizi hayo ni 2,400,000 kwa mwaka. Bei yake ni 908,000, kabla ya kodi ya mapato. Kamati ikisikia hivyo husema kijana amelewa sifa, ilhali amejumlisha tu.

Nitajibiwa kuwa soko liamue. Naam, lakini soko linaloamua ni lile ambalo muuzaji anaijua gharama yake. Vijana wengi huanza na kamera ya kuazima, huona laki tano kuwa faida tupu, na hugundua hasara siku shata ya kamera inapokufa. Wakati huo wameshamtoa sokoni mwenzao aliyehesabu, na nafasi yao inachukuliwa na mwingine aliyemaliza chuo juzi. Huku si kukua kwa sekta. Ni kuchoma mtaji wa wazazi kwa zamu. Wahenga walitufundisha biashara asubuhi, mahesabu jioni. Tumebaki na asubuhi peke yake.

Nitajibiwa pia kuwa si kila familia ina laki tisa. Ni kweli, na dawa yake ni kupunguza kazi badala ya kupunguza bei ya kazi ile ile: saa nne badala ya 14, picha bila albamu, mpiga picha mmoja bila msaidizi. Huo ni uungwana kwa pande zote mbili. Anayekubali kila kitu kwa nusu ya bei atalazimika kuchukua harusi mbili Jumamosi moja, na picha za maharusi wote zitachelewa.

Dola nayo haiwezi kunawa mikono. Amri ya kima cha chini cha mshahara inamlinda mwajiriwa. Aliyejiajiri halindwi na lolote. Kodi ya makadirio kwa wafanyabiashara wadogo hutazama mauzo, haiulizi faida. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo vijana wametengewa asilimia 4, ilijengwa juu ya vikundi, ilhali upigaji picha mara nyingi huanza na mtu mmoja na kamera yake. Na wapiga picha hawawezi kukutana wakapanga bei moja, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kufanya hivyo.

Lakini sheria haiwakatazi kufundishana hesabu, wala kutumia mkataba wa aina moja unaotaja malipo ya awali, tarehe ya salio, saa za kazi na haki ya picha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha kama inavyolinda kitabu. Wanaharakati, hapo pana kazi kubwa kuliko warsha nyingine ya "kuwajengea vijana uwezo." Wanafunzi, jifunzeni kukokotoa gharama kabla ya kununua lenzi.

Nanyi watumishi wa umma, mnaoandika hotuba za kujiajiri mchana na kuketi katika kamati jioni: mpiga picha akileta bei yake, mwombeni mchanganuo, jadilini kazi mnayoihitaji, kisha mlipeni malipo ya awali kabla ya siku ya harusi na salio kwa tarehe mliyoandikiana. Msipoweza kufanya hivyo kwa kijana mmoja, iondoeni "jiajirini" katika hotuba ya mahafali yajayo.