TAARIFA YA TAWI: BARUA YETU HAIMPI MTU UALIMU



Kila ajira za ualimu zinapotangazwa, vijana wetu wenye shahada za sayansi na biashara huja ofisini kuomba barua ya utambulisho. Tunawapa, lakini barua haizibi pengo la sifa. Mwenye shahada isiyo ya ualimu anahitaji Stashahada ya Uzamili katika Elimu, pamoja na mazoezi ya kufundisha. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania huitoa kwa njia ya masafa, hivyo anayejitolea shuleni anaweza kusoma bila kuacha darasa lake. Kinachowakwamisha ni ada.

Tunapendekeza sehemu ya michango ya tawi iwakopeshe ada, kwa maandishi na kwa marejesho. Tuamue kikao kijacho. Ajira hatuwezi kuahidi. Ada tunaweza kusaidia.

Katibu wa Tawi